Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Nani Bado Analala Kariakoo?

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wakazi wa Kariakoo, wazee wetu, mama zetu na vijana, assalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe.

Mahesabu atayasoma mweka hazina. Mimi niseme tu kwamba ada zimepungua kwa kuwa tumepungua wenyewe. Mwaka huu tena wenzetu wamehamia Mbagala, Chanika na Kivule, na vyumba walivyoacha havikupata familia nyingine. Vimegeuzwa stoo na fremu za maduka.

Vijana wafahamu kwamba mji huu wa Dar es Salaam uligawanywa kwa rangi. Wajerumani walianza na kanuni zao za ujenzi za 1891, Waingereza wakaendeleza: Mzungu upande wa bahari, Mhindi katikati, Mwafrika huku kwetu, na Mnazi Mmoja pakaachwa wazi kututenga. Lakini ndani ya Kariakoo tulichanganyika. Nyumba ilikuwa ya vyumba sita na ua nyuma, pengine ya Mzaramo. Mmanyema na Mnyamwezi wamepanga kwake, na duka la kona ni la Mwarabu. Mwenye nyumba alikuwa na uwezo kuliko mpangaji wake, lakini wote walipika ua mmoja.

Leo ukipita Mtaa wa Kongo au Msimbazi mchana utakuta Wakinga, Wachaga, Wahindi, Wachina, na wateja kutoka Kongo na Zambia. Mimi sioni ubaya wowote katika hilo, na sipendi maneno ninayoyasikia vibarazani dhidi ya wageni. Kinachotuondoa ni kipato. Fremu anaipata mwenye kilemba, yaani pesa ya kuachiwa fremu, na kodi ya mwaka mzima mkononi. Fundi cherehani, mwalimu na mama lishe hawana pesa hiyo, na mwenye nyumba akipiga hesabu anaona chumba cha kulala kinamtia hasara.

Julai mwaka huu serikali ilikataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uchuuzi, kutuma pesa kwa simu na udalali. Wengi wenu mliifurahia amri hiyo. Inamlinda mfanyabiashara mdogo, na hilo ni jema. Ila haitamrudisha mpangaji hata mmoja, maana wenye majengo yaliyotutoa wengi wao ni Watanzania wenzetu.

Jambo lililoniumiza zaidi ni ubia. Familia inatoa kiwanja, mwekezaji anapandisha ghorofa, kisha wanagawana. Kamati ilisoma mikataba mliyotuletea. Upo ambao haukutaja familia itapata sakafu ipi, wala nani atawalipia pango wakati ujenzi unaendelea. Mwingine walisaini kaka wawili kabla mirathi haijafunguliwa, na dada zao wakaja kujua siku ukuta unabomolewa. Tafadhalini, jamani! Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 inaruhusu kila sehemu ya ghorofa kuwa na hati yake, kwa hiyo msikubali kukabidhiwa funguo peke yake. Na kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi.

Hatujasahau tarehe 16 Novemba 2024, jengo lilipoporomoka hapa kwetu na kuua watu zaidi ya 20. Anayeona nyufa au uchimbaji karibu na ukuta wake aandike barua serikali ya mtaa siku hiyohiyo, nakala ailete kwa katibu.

Kamati inaleta mapendekezo mawili yapigiwe kura leo. Kwanza, aliyehama kwa kushindwa kodi abaki mwanachama kamili, mwenye haki zote za msiba na za mkutano. Pili, mwanachama yeyote anayeingia ubia adai sakafu za makazi zenye vyumba vya kupangisha watu wa kipato cha kawaida, na chama kimtafutie wakili wa kusoma mkataba kabla hajasaini. Wenye mikataba mezani sasa hivi, nawaomba mbaki na kamati baada ya kura.