Kisanduku cha kupima gari kifungwe kwanza

Mhariri, salamu kutoka Jinja. Mabasi ya umeme siku hizi yanaundwa hapa hapa, na vijana wanayapima breki na kona kwa vile visanduku vyenye sensa za mwendo pamoja na jipiesi (GPS, ya kujua gari liko wapi kwa setelaiti), safi sana, ila naona wengi wanakimbilia kuwasha tu wakati kazi yenyewe iko kwenye kufunga. Kisanduku kibanwe kwa bolti kwenye chesisi, sio gundi juu ya dashibodi inayotikisika jamani, na antena ikae juu ya paa, mbali na keria. Halafu shika tepu upime toka kisanduku hadi antena, mbele, pembeni na juu, uingize vipimo kwenye programu ya kisanduku, maana ukikosea sentimita 10 hapo hata usahihi wa sentimita 2 wa stesheni ya ardhini, ile inayotuma masahihisho ya jipiesi, unajidanganya nao. Kabla ya kurekodi tafuta uwanja wa wazi, simama kidogo, kisha endesha, piga breki, zungusha namba nane mpaka hesabu za programu zitulie. Katikati ya maghorofa ya Kampala setelaiti zinakatika, hapo sensa za mwendo zinabeba mzigo peke yake na hesabu ya gari liko wapi inazidi kupotoka kila sekunde. Mabosi nao wawape vijana muda wa hayo yote, sio kila saa "bado tu?"

Fundi, Jinja