Wenye friji wa Ngamiani, turuhusuni tutoe milango

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na wateja wetu, pamoja na wenye maduka ya vyombo vya umeme hapa Tanga. Mimi nabeba mizigo kwa guta, maskani yangu ni Ngamiani. Tunabeba vitanda, makabati na magunia ya mkaa, lakini mzigo unaoongoza kwa maneno ni friji.

Anayeijua nyumba ya Kiswahili anajua shida ilipo. Mlango wa mbele friji inapita. Ukumbini nako inapita, mkishaondoa ndoo za maji na baiskeli ya mpangaji. Kasheshe ni kukata kona kuingia chumbani. Mlango wa chumba uko ubavuni mwa ukumbi, ukumbi wenyewe watu wawili hupishana kiupandeupande, na friji inatakiwa igeuke yote humo humo. Sentimita chache zinazotukwamisha mara nyingi ni za mlango wa friji na mshikio wake. Nikisema, "Mama, tuutoe mlango huu," naambiwa nimekuja kuharibu kitu cha watu. Halafu mama huyohuyo anamwita seremala aje achonge fremu ya mwenye nyumba!

Wengine wanatuamuru tuilaze. Ndani ya kompresa mna oili, na friji ikilala oili hiyo inatambaa kwenye mabomba ya gesi. Ukiiwasha papo hapo kompresa inafanya kazi bila oili ya kutosha, na ikifa lawama ni kwa mbebaji. Ikiwa imelazwa, isimamishwe na iachwe saa kadhaa kabla ya kuchomekwa. Mimi huwaambia waiache mpaka kesho yake, najua wengi hawasikii.

Kutoa mlango si kufungua injini. Gesi haiguswi kabisa. Friji nyingi zinakuja na kijitabu chenye picha za namna ya kuutoa mlango na hata kuuhamishia upande wa pili, basi mwenye kiwanda mwenyewe amekubali. Kinachotakiwa ni utaratibu. Kwanza plagi itoke ukutani, si kuzima swichi tu. Kisha vyombo, mayai na chupa za mlangoni, halafu droo. Droo huvutwa mpaka igome, ndipo unainyanyua kwa mbele na inatoka yenyewe. Ukiing'ang'ania bila kuinyanyua utavunja vile vidole vya plastiki pembeni, na droo ya kununua peke yake kuipata ni kazi. Shelfu za kioo zifungwe kwenye kanga. Na jamani, zikitoka kwenye ubaridi msizimwagie maji ya moto mkitaka kuziosha, kioo kitapasuka mkononi.

Bawaba ya juu imefunikwa na kifuniko cha plastiki. Kinabanduliwa taratibu kwa bisibisi bapa iliyovikwa kitambaa. Hapo ndipo pa kutazama kabla ya kushika spana: friji zenye taa au vitufe mlangoni zina waya unaopita kwenye bawaba, nao una soketi ndogo ya kuachanisha. Unabonyeza kile kidole chake, huvuti waya. Zile za kuchota maji mlangoni zina na mpira wa maji, kwa hiyo maji yafungwe kwanza. Nikishaona hayo, nachora kwa penseli kuizunguka bawaba ili irudi palepale ilipokuwa. Friji yenye friza juu, mlango wa friza ndio unaotangulia, kisha bawaba ya kati, ndipo mlango wa chini. Wakati wa kurudisha ni kinyume chake. Bolti ya mwisho haifunguliwi na mtu mmoja. Lazima mwenzako awe ameukumbatia mlango, maana bawaba ikiachia tu unaanguka, na uzito wake unatosha kuvunja vidole vya mguu.

Kuna kipete kidogo cha plastiki, yaani washa, kinachokaa kwenye pini ya chini. Hicho ndicho hupotea, kwa sababu huganda kwenye mlango kisha hudondokea uvunguni. Kikikosekana mlango unalala upande mmoja na unakwaruza. Mimi kila kitu kinaingia kwenye mfuko mmoja wa nailoni, nao naufunga kwenye droo kwa soletepu. Mlango wenyewe unalazwa juu ya godoro au maboksi, usiegemezwe kwa upande wa raba.

Nyumba za karibu na bahari, Raskazone na kwingineko, bolti zimeliwa na chumvi. Hizo hazitaki nguvu. Tia oili, subiri, jaribu tena. Ukilazimisha kichwa kinalika na hapo kweli utahitaji fundi.

Mlango ukisharudi, fungia noti ya elfu moja kati ya raba na friji, uivute. Ikitoka bila kushikwa, baridi nayo inatoka, na umeme wa luku utauona unavyokimbia. Jaribu pande zote. Pengine bawaba inahitaji kusogezwa kidogo, au miguu ya mbele ipandishwe kidogo ili mlango ujifunge wenyewe.

Kuna friji ambazo milango yake ingetoka isirudi tena, nazo ni zile mbovu zinazosubiri mnunuzi wa chuma chakavu. Zinakaa uani miezi na milango yake, na watoto hapo hapo wanacheza kombolela. Raba inaziba hewa na sauti haisikiki nje. Marekani walitunga sheria mwaka 1956 kutaka milango ya friji ifunguke kwa ndani, maana watoto walikuwa wakifia ndani ya zile za komeo. Za siku hizi hushikwa na sumaku, lakini mtoto mdogo aliyejikunja humo asitegemewe kuusukuma mlango. Ng'oeni mlango siku hiyohiyo friji inapotolewa nje, na shelfu ziacheni ndani asipate pa kujipenyeza.

Wenye maduka, nanyi acheni kumwambia mteja "itapita tu" hamjauona mlango wake. Mwambieni apime kwanza, chumbani na ukumbini. Na wateja, bei ya kutoa mlango na kuurudisha tuipatane friji ikiwa bado dukani. Ikishakwama ukumbini na majirani wameshajaa, kila mtu anakuwa fundi na hakuna anayetaka kulipa.

Mwenye guta,
Ngamiani, Tanga