YAH: Sarafu ya Asklepios iliyosuguliwa kwa brashi kwenye kaunta yenu

Ndugu Meneja,

Salamu. Tafadhali soma barua hii mwenyewe, usimshushie kijana wa kaunta, maana ndiye anayelalamikiwa.

Sarafu yenyewe ni ile ya shaba ya Pergamon, mji wa kale wa Kigiriki, karne ya 2 hadi ya 1 KK: kichwa cha Asklepios, mungu wa uponyaji wa Wagiriki, na nyuma nyoka aliyejizungusha kwenye fimbo, na maandishi ΑΣΚΛΗΠΙΟΥ ΣΩΤΗΡΟΣ, yaani "ya Asklepios Mwokozi". Gramu 7.92 kwa lebo yenu wenyewe. Siku ya tisa baada ya kuinunua kwenu, unga wa kijani kilichopauka ukachomoza shingoni mwa mungu. Huo si uchafu, ni ugonjwa wa shaba, nanyi mliufunika kwa nta. Nikairudisha ndani ya muda wa dhamana.

Mfanyakazi wenu akachukua brashi ya waya, akaisugua mbele yangu, akasema: "Haya, imepona."

Imepona! Kloridi ya shaba hukaa ndani ya vishimo. Ikipata unyevu na hewa huzaa asidi, asidi inakula shaba, kloridi nyingine inazaliwa. Brashi haifiki shimoni; inachuna utando wa miaka elfu mbili na kuufungulia unyevu mlango. Unga hutolewa kwa ncha ya sindano chini ya lenzi. Sarafu inalowekwa kwenye sodiamu seskwikaboneti (chumvi inayoitoa kloridi) ya asilimia 5, inayobadilishwa kila wiki, pengine kwa miezi. Inasuuzwa kwa maji yaliyokenekwa, si ya bomba, inakaushwa kabisa, inatiwa benzotriazoli (dawa inayoikinga shaba isiliwe) ya asilimia 3 ndani ya alkoholi. Nta huja mwisho. Ninyi mlianza nayo. Tena mkaiuza ndani ya kifuko laini cha plastiki ya PVC, ambacho nacho hutoa asidi!

Narudia kuhusu brashi, kwa sababu kwenye simu mliniambia "ilipanguswa kidogo". Aliibana kwa kidole gumba juu ya ankara yangu, akasugua mara nane au tisa. Nikasema acha. Hakuacha. Chembe nyeusi za utando zikamwagikia karatasi, pua ya Asklepios ikawa nyekundu kama waya wa umeme uliochunwa, na katika ΣΩΤΗΡΟΣ sasa zinasomeka herufi tatu. "Imepona." Kisha papo hapo akaandika kwenye fomu: haipokelewi, hali yake imebadilishwa. Imebadilishwa na nani?

Siku ile nilitaka fedha zangu tu. Sasa nataka fedha zote, gharama za posta, na barua inayothibitisha kwamba sarafu zote za trei ile zimeondolewa nta na kukaguliwa, maana zilikuwa zinang'aa vilevile. Nawapa siku 14. Zikipita, picha za kabla na baada zitafika kwa chama cha wauza sarafu ambacho nembo yake iko mlangoni penu, na madai yatafika mahakamani.

Nimeipima tena: gramu 7.84. Zilizopungua ziko kwenye ankara, nimeikunja bila kuipangusa.

Wasalaam,
Mteja wenu