Ile valvu ya hotelini

Kisauni, Mombasa
Jumanne usiku

Kwako ndugu yangu Athumani,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na shemeji na watoto, na kwamba joto la Muscat mnalistahimili. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama yako nilimpitia Ijumaa. Miguu bado inamsumbua lakini ulimi uko palepale: alinisuta dakika kumi nzima kwa kutomtembelea tangu mfungo, kisha akanipakulia wali wa nazi na samaki wa kupaka. Saidi wa gereji kaoa tena. Hayo mengine ukija.

Najua nimekaa kimya mno. Salamu za Idi za kwenye simu sizihesabu, zile mtu humtumia kila mtu. Nimekusudia kukuandikia mara nyingi nikaahirisha, na sababu utaiona mbele. Leo sikuweza kuahirisha tena.

Asubuhi kontrakta kanitia mkononi valvu ya kuzuia maji yasirudi, ya plastiki nyeupe, mpya, ingali ndani ya mfuko wake, akaniambia, "Fundi, funga hii mambo yaishe." Athumani, ni aina ileile ya hotelini. Nilisimama nayo pale stoo kwa Mzee Badi, na yule kijana ninayefanya naye kazi akaniuliza kama naumwa.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe. Mzee Badi kaamua kuweka tangi la bahari ndani ya ukuta, kati ya sebule na ile stoo ambako mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akiweka vyombo. Si tangi la samaki wawili wa dhahabu na kokoto za rangi. Anataka mwamba: matumbawe, samaki wa mwambani, kome, kila kitu kiwe hai. Magoti hayamruhusu tena kushuka majini, na mtu aliyeishi kwa bahari miaka yote ile ukimwona anavyokaa na kutazama ukuta mtupu unamhurumia. Wanawe wamechanga fedha, mimi nikaitwa kwa mabomba.

Tangi lina urefu wa sentimita 240, upana 75, kimo 75, vioo vya milimita 19. Piga hesabu: lita 1,350. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya kisima, kwa hiyo hapo pekee una kilo 1,380 na ushei. Vioo vina kilo 300 hivi. Ukitia mawe na mchanga unakaribia tani mbili, zote juu ya ukuta tulioutoboa. Nilikataa meza ya chuma, kwa sababu unajua chumvi inavyokula chuma ndani ya chumba kisichopata upepo. Tumesimamisha nguzo za zege kutoka kwenye msingi, juu yake bamba la zege, na linta, yaani boriti, juu ya tundu ili ukuta ujibebe wenyewe. Kati ya kioo na jiwe nimeacha sentimita mbili pande zote. Ukuta ukitulia au ukicheza, usiliguse tangi. Hilo kontrakta alinielewa haraka, na kusema kweli kazi yake ya mawe ni safi.

Mawe ya ndani ya tangi tumeyatoa machimboni, yaleyale tunayojengea nyumba. Nilimwambia Mzee mapema kwamba hatutoi jiwe hai baharini, na hifadhini hatugusi hata kipande. Vipande vya matumbawe hai atavipata kwa wenye leseni, kidogokidogo. Akafurahi nilipomkumbusha kwamba jiwe la machimbo lenyewe lilikuwa mwamba chini ya bahari zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Alilichukua moja akanionyesha kwa kucha mistari ya tumbawe lilivyokuwa, bado imo. Tumeyasugua, tumeyaloweka, tumeyaanika. Yakishaingia majini tutangoja wiki sita au zaidi kabla ya samaki wa kwanza, mpaka vile vijidudu visivyoonekana vijae kwenye vitundu vya mawe na viweze kugeuza uchafu wa samaki usiwe sumu. Mzee hana haraka. Mwenye haraka ni kontrakta.

Na haraka yake ndiyo iliyoniletea valvu hii.

Tangi la chini, la kuchujia, liko stoo: sentimita 120 kwa 50 kwa 40. Maji yanafurika juu, yanaingia kwenye sanduku la pembeni, yanashuka kwa mabomba matatu ya inchi moja na nusu, kama ulivyonichorea zamani. La kwanza limejaa maji tupu bila hewa, na geti valvu ya kulirekebisha. La pili linapitisha kijito tu. La tatu kavu, linangoja siku ya balaa. Tulijaza maji ya kisima wiki iliyopita kulijaribu, na wallahi halina sauti. Mzee alikuja akauliza kama pampu imewashwa. Nilikukumbuka pale, maana ni wewe uliyekuwa ukisema tangi linalokoroma litazimwa na mwenye nyumba kabla ya mwaka kwisha.

Tatizo ni bomba la kupandisha. Aliyetoboa vioo kaweka tundu la kurudishia maji sentimita 15 chini ya ukingo wa kufurikia. Kumi na tano! Stima ikikatika pampu inasimama, na lile bomba linageuka mrija unaonyonya maji ya juu kuyaleta chini mpaka mdomo wake upate hewa. Kila sentimita moja ya tangi lile ni lita 18. Kumi na tano ni lita 270. Tangi la chini lina nafasi ya lita 120 tu, maana nusu yake ina maji wakati wote. Lita 150 zitakwenda wapi? Sebuleni kwa Mzee Badi, maji ya chumvi.

Kontrakta anasema valvu itazuia. Nikamwambia valvu ile ina kimlango, na bahari hai haiachi kimlango. Chokaa inaganda, mwani unaota, kikonokono kama punje ya mchele kinaingia kikakaa pale kwenye ukingo, na siku unayoihitaji haifungi. Akaniuliza nimeyajuaje. Sikumjibu.

Wewe nitakujibu.

Athumani, lile tangi la hotelini halikumwaga maji kwa sababu ya mchoro wako. Mchoro wako ulikuwa sawa. Uliandika kwa penseli kwenye lile boksi la vigae: mdomo wa bomba sentimita 5 chini, usizidi. Ile siku uliyokwenda Malindi kumzika ami yako nilibaki peke yangu. Kona za bomba ziliniishia, duka limefungwa, meneja yuko juu ya kichwa changu ananiuliza kila baada ya nusu saa. Nikalichukua bomba kama lilivyokuwa, nikaliacha lishuke sentimita 20, nikafunga valvu kama hii nikasema itatosha. Uliporudi gundi ilikuwa imeshakauka na mdomo wa bomba umejificha nyuma ya jiwe. Nilikwambia "tayari" na wewe ukaniamini.

Stima ilipokatika ule usiku, na jenereta isiwake, nilijua kabla hatujafika. Nilipoifungua valvu kulikuwa na gamba dogo la konokono mlangoni. Nililitia mfukoni. Meneja alipouliza ni kazi ya nani ukasema "yetu", akakutazama wewe kwa kuwa ndiye mkubwa wa kazi, akakukata shilingi 60,000 za zulia. Nami nilisimama pale na lile gamba mfukoni, sikufungua mdomo. Ulipofika nyumbani ukakaa na boksi lako la vigae ukirudia hesabu, ukitafuta ulipokosea. Nilikuona. Ndilo linaloniamsha usiku, kuliko hata zile fedha. Wiki tatu baadaye ukasafiri.

Mwanawe Bi Salma aliniambia kwamba huko Muscat unafunga mabomba ya majumba makubwa lakini kazi ya tangi la samaki huikubali hata kwa malipo mazuri. Ikiwa ni kwa ajili ya ile hesabu, basi nakuomba kwa Mungu ujue kwamba hesabu ilikuwa sahihi.

Nimeandika mpaka hapa nikatoka nje kuvuta hewa. Mvua inanyesha kidogo.

Basi nirudi kwenye kazi, maana Jumamosi kontrakta anapiga plasta. Anataka kuyafukia mabomba kwenye mfereji wa ukuta stoo yaonekane nadhifu. Hilo nimelikataa kabisa. Kila valvu na kila yunioni, kile kiungo cha kufungulia bomba, ibaki mahali pa kuonekana, mtu aweze kuifungua kwa mkono. Atapiga plasta upande wa sebule tu, na fremu ya mbao itafunika sentimita 8 za juu za maji. Kwa hiyo mdomo ukiwa sentimita 4 chini hakuna atakayeuona, hoja ya urembo haipo. Sentimita 4 ni lita 72, na maji ya kwenye mabomba na sanduku lita 20 hivi, jumla 92. Zinaingia kwenye nafasi ya lita 120 na inabaki akiba.

Ninaona njia mbili. Ya kwanza, nilitumie tundu lililopo, ndani nifunge kona na kipande cha bomba kinachopanda juu mpaka sentimita 4 chini ya ukingo. Mrija utakatika mdomo ukipata hewa, hata kama tundu lenyewe liko chini. Ya pili, nilizibe tundu kabisa nipitishe bomba juu ya ukingo wa kioo. Ya kwanza ni safi, lakini ile kona ikiachia siku moja nimerudi kwenye lita 270. Ya pili haina wasiwasi huo, ila bomba linapita karibu na taa na sijui litakaaje. Nimepanga vyovyote vile kuzima stima mara kumi mbele ya Mzee na kupima kwa rula kabla ya tone la chumvi kuingia.

Halafu kuna joto. Wenzetu wa nchi za baridi wananunua vya kupashia maji, sisi shida yetu ni kuyapoza. Siku za kaskazi, taa zikiwaka na pampu zikifanya kazi, maji ya ndani yatavuka digrii 30 bila chila, ile mashine ya kupoza maji, nami nataka yakae 26. Unaikumbuka 1998? Tulikwenda na ngalawa ya ami yako mwezi wa nne, tukachungulia, mwamba mzima mweupe pepe. Tukadhani umepambwa. Mzee Badi ndiye aliyetuambia kwamba ule ni ugonjwa wa joto na kwamba mengi hayatarudi, na hayakurudi. Sasa huyuhuyu mzee ananiuliza kama vipande vyake vitapona ndani ya sebule, na mimi nataka nimjibu ndiyo nikiwa na hakika. Nimemwekea chila, na pampu ndogo ya betri ya kutikisa maji stima ikipotea, ili samaki wapate hewa. Maji ya bahari tutateka wakati wa bamvua, maji yakijaa, upande wa bahari kuu, mbali na mkondo wa Tudor. Yanayopungua kwa joto tutaongeza maji yaliyochujwa chumvi, maana kinachokwenda hewani ni maji matupu na chumvi inabaki.

Lile tangi likianza kazi nataka uje uliwekee mkono.

Sasa maswali yangu, na usinijibu kwa neno moja kama kawaida yako. Ungekuwa wewe, ungetumia kona au ungeliziba tundu? Gundi ya PVC kwenye kona iliyo ndani ya maji ya chumvi inashika miaka mingapi, au nifunge ya kuzungusha niweze kuisafisha? Konekta za inchi moja na nusu zenye mpira mnene zinapatikana huko? Za hapa mpira ni mwembamba kama karatasi, nahitaji nne, na mwanawe Bi Salma anarudi mwisho wa mwezi. Geti valvu niibane kiasi gani kabla ya bomba la pili kuanza kupiga mluzi? Na zile shilingi 60,000 nimeziweka kwenye bahasha tangu mwezi uliopita: nimpe mama yako, au nikutumie, au hutaki kuziona? Boksi la vigae unalo bado? Umenikasirikia?

Nipigie kabla ya Ijumaa jioni, hata kama ni kwa ajili ya ile kona tu. Valvu ya kontrakta sijaifunga. Iko hapa mezani mbele yangu, ndani ya mfuko wake.

Nisalimie shemeji na watoto.

Ndugu yako,
Omari

Tanbihi: Lile gamba la konokono bado ninalo, limo kwenye kopo la misumari.