Si kila damu ya fizi ni kiseyeye

Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya neno moja tunalolitumia ovyo hapa Tabora: kiseyeye. Mtu akipiga mswaki akatema mate mekundu, jirani atamwambia ana kiseyeye, ale ndimu na machungwa. Akienda duka la dawa anapewa vidonge vya vitamini C, pengine na vya rangi mbili juu yake. Mke wangu alimeza vyote hivyo miaka miwili, tena katika mji ambao msimu ukifika maembe yanaoza chini ya miti kwa kukosa mlaji. Damu haikukoma. Kiseyeye kipo, huletwa na upungufu mkubwa wa vitamini C, lakini anayekula matunda na mboga kila siku si rahisi kukipata.

Kilichomtoa damu mama huyu ni ukoga, ule utando laini unaousikia ukipitisha ulimi kwenye meno asubuhi. Umejaa bakteria. Usipouondoa, ndani ya siku chache huanza kugeuka ugaga, yaani ganda gumu linaloshika kwenye jino, na ugaga hautoki kwa mswaki hata usugue mpaka mkono uchoke. Fizi zinazogusana nao huvimba na kuwa nyekundu. Ugonjwa ukiwa hapo bado unatibika kabisa. Kwa daktari wa meno alikwanguliwa ugaga, akafundishwa kulaza mswaki laini pale jino linapoingia kwenye ufizi, dakika mbili asubuhi na mbili usiku, bila kusugua kama anayepiga msasa. Akaambiwa apitishe na uzi wa meno, maana matobolwa na karanga hujificha mswaki usikofika. Kubwa zaidi, asipakwepe panapotoa damu. Alikuwa akipakwepa, kama wengi wetu. Baada ya wiki mbili hivi mate yake yakawa meupe.

Mimi nilikuwa namcheka. Nimevuta sigara tangu ujana wangu kwenye mabani ya kukaushia tumbaku kule Urambo, na fizi zangu hazikuwahi kutoa hata tone. Siku nilipomsindikiza, daktari akasema, “Na wewe mzee kaa hapo nikuone.” Akashika kijichuma chembamba chenye alama za milimita, akakipenyeza taratibu kati ya jino na ufizi, huku akimsomea msaidizi wake namba: tatu, tatu, sita, saba. Hadi tatu si neno, akanieleza. Saba maana yake ufizi umeachana na jino, na mfupa unaolishika umeanza kuliwa. Nikamuuliza, mbona sitoi damu? Kumbe tumbaku hubana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo fizi za mvutaji zinaweza kuonekana nzima huku chini kunabomoka. Na mfupa ukishaliwa haujijengi upya wenyewe. Meno yangu mawili ya chini hayakuokoka.

Tena nina la kukiri. Nilipokwanguliwa nyuma ya meno ya mbele ya chini, karibu na mahali mate yanapochuruzika, ambapo ugaga hupenda kujenga, vilitoka vipande vya njano kama kokoto. Ulimi ukakuta mianya mipya. Nikatoka nimefura, nikatangaza mtaani kwamba nimelegezwa meno. Mianya ilikuwepo siku zote. Ugaga ndio uliokuwa umeiziba. Wote niliowaambia maneno yale, hapa Cheyo na kule Ng'ambo, naomba radhi kupitia gazeti hili.

Wenye kisukari nao wasipuuze, kwa sababu sukari ikipanda fizi huharibika upesi, na fizi zikiwa mbovu sukari nayo inakuwa ngumu kushuka. Wajawazito pia fizi zao huvimba kwa urahisi. Waendelee kupiga mswaki, wala wasiogope kumwona daktari wa meno. Harufu mbaya isiyoisha, meno yanayoonekana kurefuka au kuanza kuachana, hizo nazo ni dalili hata kama hakuna maumivu. Mimi sikuumwa hata siku moja.

Ombi langu kwa wahusika mkoani ni dogo. Masoko ya tumbaku yakifunguliwa, wakulima hukaa kwenye maghala ya vyama vya msingi wakisubiri marobota yao yapimwe, wengi wao sigara mkononi au ugoro mfukoni. Wataalamu wa kinywa na meno wawafuate huko huko na kioo na kile kijichuma, wakijua kwamba mkulima wa aina yangu hatakwenda mwenyewe hospitali mpaka jino licheze. Wakifika, wasiulize nani anatoka damu. Waanze na sisi tusiotoka.

Msomaji wako,
Cheyo, Tabora