Mkiandika mmea unazuia mimba, semeni ulizuia kwa nani

Mhariri,

Hizo stori zenu za mitishamba inayozuia mimba zinasomwa sana huku mtaani, na shida inaanzia hapo, juu mtu anasoma kichwa cha habari tu afu anaenda sokoni. Mimi nauza dawa kwa chemisti hapa Umoja na kila mkiandika ati wanasayansi wamepata mmea fulani, lazima mtu aje kuniuliza mbegu za papai zinasagwa vipi na ni vijiko vingapi. Wengine hata hawaulizi, wanakuja wakiwa wameshakunywa na maziwa.

Sasa hiyo ya papai. Utafiti upo, sikatai, na ni mzuri. Huko India walikamua mbegu za papai kwa klorofomu, kemikali ya maabara, wakawapa nyani dume aina ya langur kila siku, baada ya kama miezi 3 shahawa zikawa hazina mbegu za kiume kabisa, na walipoachishwa zikarudi. Hebu angalieni vizuri: nyani, dume, klorofomu, kila siku kwa miezi. Dada anayetafuna mbegu za papai asubuhi akiwa na wasiwasi wa jana usiku hayuko popote kwa hiyo stori. Huyo anahitaji P2, ile tembe ya dharura ya kuzuia mimba, na masaa yanayoyoma.

Kitu kingine hamsemi ni mmea ulizuia saa ngapi. Tafiti nyingi za panya jike zinaenda hivi, anapandishwa kwanza, afu anapewa dawa zile siku 7 za mwanzo, halafu anapasuliwa kuhesabu mimba zilizojishika. Hapo mbegu na yai zimeshakutana zamani! Mafuta ya mbegu za mwarobaini nayo ni tofauti, yanaua mbegu za kiume zikikutana nayo. Kuna mimea mingine inachokora homoni. Nyinyi mnatia zote kapu moja. Na panya anamaliza mzunguko wake kwa siku 4 au 5, mwanamke ni kama 28, kwa hivyo hata dozi huwezi kupiga tu hesabu ya kilo.

Anayedhani ya mimea haina madhara aulize Wachina. Kuna vijiji huko watu walikuwa wanapikia mafuta ghafi ya mbegu za pamba, wakaanza kukosa kuzaa, kuchunguza wakapata ni kitu kinaitwa gosipoli. Miaka ya 1970 ikajaribiwa kwa wanaume zaidi ya 8,000 na ilifanya kazi kweli, mbegu za kiume zilishuka kwa karibu wote. Lakini wengine potasiamu iliporomoka mwilini mpaka misuli inakataa kufanya kazi, na wengine waliacha dawa na uzazi haukurudi tena. Mwaka wa 1998 Shirika la Afya Duniani likapendekeza huo utafiti uachwe. Hiyo ni dawa iliyofaulu mtihani wa panya na wa watu pia, sembuse ile ya kupimiwa kwa kifuniko cha chupa.

Na siyo kwamba nawapiga vita watu wa mitishamba. Hata tembe tunazouza zina asili ya kiazi kikuu cha mwitu cha Meksiko, mkemia Mmarekani Russell Marker alikibadilisha kuwa homoni ya projesteroni miaka ya 1940 na kufika 1960 Marekani wakaidhinisha tembe ya kwanza. Lakini ukila kile kiazi hakizuii chochote, kazi ilifanyika maabara.

Sasa kilichoniuma zaidi mpaka nikaandika ni hiki. Wateja wangu wanaokunywa mwarobaini wengi hawapangi uzazi hata kidogo, wanakunywa kwa malaria, kwa sukari, kwa ngozi, mtungi mzima kutoka kwa mama wa dawa pale kando ya steji, na kati yao kuna mume na mke wanatafuta mtoto mwaka wa ngapi sijui. Kliniki mama anaandikiwa vipimo vya maelfu, hakuna anayemuuliza mzee wake anakunywa nini kila asubuhi. Na kuna tafiti za majani ya mwarobaini kupunguza uzazi wa dume. Kwa panya, ndio, sijasahau nilichosema hapo juu. Lakini ushahidi wa panya, hata kama hautoshi mtu aache sindano au kijiti autegemee, unatosha kumwambia anayetafuta mtoto, au mwenye mimba changa, apumzike kwanza. Huyu akiambiwa bure amekosa chai chungu ya miezi michache tu. Yule wa kuacha sindano akidanganywa ni mimba.

Kwa hivyo naomba, mkiandika tena, juu kabisa semeni ni mnyama gani, jike au dume, sehemu gani ya mmea, ilikamuliwa na nini na uzazi ulirudi au la. Mwandishi akikosa hayo basi stori haijaiva. Pale KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, kuna kituo kizima cha dawa za asili, si mbali na ofisi zenu, tumeni mtu aulize hilo la mwarobaini na wanaotafuta mtoto, na mtuandikie kwa Kiswahili juu nina wateja wanangoja jibu.

Muuza dawa,
Umoja, Nairobi