Si kila kinachotangulia ugonjwa wa ubongo ni chanzo chake

Ndugu Mhariri,

Vichwa vya habari kama "Chanzo cha ugonjwa wa kusahau chagunduliwa" huwaumiza wanaouguza. Mtu akisoma kwamba usingizi mbaya ndio uliomharibu mama yake ubongo, huanza kujilaumu, ilhali mara nyingi utafiti wenyewe haukusema hivyo.

Kinachopotosha ni muda. Katika ugonjwa wa Alzheimer, protini ya amiloidi huanza kujilimbikiza ubongoni miaka 15 au zaidi kabla mgonjwa hajaanza kusahau. Katika ugonjwa wa Parkinson, mkono unapoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, imeshakufa. Kufunga choo na kutosikia harufu huweza kutangulia kwa miaka mingi. Basi utafiti uliowafuatilia watu kwa miaka 5 ukakuta wasiolala vizuri ndio waliougua zaidi, huenda umeiona dalili ya mapema ukaiita sababu. Mtafiti makini huwaondoa kwenye hesabu waliougua miaka ya mwanzo, kisha hutazama kama uhusiano unabaki.

Ushahidi wa chanzo huwa na uzito mwingine. Jeni ya Huntington, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo, ilipatikana mwaka 1993: kipande cha herufi za vinasaba kiitwacho CAG kikijirudia mara 40 au zaidi, mwenye nayo ataugua akijaliwa umri wa kutosha. Jeni ya APOE4 haiko hivyo. Huongeza hatari ya Alzheimer, lakini wengine wanayo na hawaugui.

Kisha kuna tukio la California la mwaka 1982, ambalo kwetu ni fundisho kubwa kuliko yote. Watu kadhaa waliojidunga heroini bandia walikakamaa ghafla, mfano wa wagonjwa wa Parkinson wa miaka mingi. Dawa ile ilikuwa imechanganyika na kemikali ya MPTP. Ikifika ubongoni, kimeng'enya cha MAO-B huigeuza kuwa MPP+, nayo hupenya kwa mlango uleule ambao seli hizo hutumia kurudisha dopamini ndani, kisha huziba hatua ya kwanza ya uzalishaji nishati katika mitokondria, yaani viwanda vya nishati vya seli. Seli hufa. Nyani waliopewa MPTP walipatwa na hali hiyohiyo. Sumu ya wadudu iitwayo rotenoni huziba hatua hiyohiyo, ndiyo maana watafiti hawaipuuzi.

Haiwezekani kuwapa watu sumu ili tujue. Lakini mara chache sheria yenyewe hutugawia makundi. Wales ilipoanza kutoa chanjo ya mkanda wa jeshi Septemba 2013, waliozaliwa tarehe 2 Septemba 1933 au baadaye walistahili kuipata. Waliowatangulia kuzaliwa, hata kwa siku chache, hawakustahili. Waliopishana wiki moja kuzaliwa hawana sababu ya kutofautiana kwa lishe, elimu au mazoezi. Ndani ya miaka 7, chanjo ilipunguza visa vipya vya dimensia (kupotea kwa kumbukumbu na uwezo wa akili) kwa takriban moja ya tano. Bado inachunguzwa kama siri ni kirusi cha mkanda wa jeshi kilichodhibitiwa au ni kinga ya mwili iliyoamshwa.

Tunaliomba dawati lako la afya, kila linapochapa habari ya aina hii, litaje washiriki walifuatiliwa miaka mingapi, walilinganishwa na nani, na kama waliochunguzwa walikuwa watu au panya.

Wasomaji wako,
Watafiti wa magonjwa ya ubongo